Kupenda ukamilifu na matatizo ya ulaji: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ndivyo alivyo: mkaidi, mwenye hasira, hataki watu."

Mengi yanayoitwa hulka ya mgonjwa wa anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) huenda ni njaa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa muda wa miezi 6. Hawakuwa na tatizo lolote la ulaji. Walipokonda, mawazo yao yote yalihamia kwenye chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakawa wanakula polepole mno, wanajitenga na kukasirika ovyo. Hata waliporudishiwa chakula, hali hiyo haikuisha mara moja. Ndiyo maana si busara kumpachika mtu ugonjwa wa haiba (kasoro ya kudumu ya tabia) wakati mwili wake bado una njaa. Dodoso (orodha ya maswali) la hulka atakalojaza litapima hulka na njaa kwa pamoja.

Lakini si yote njaa. Wagonjwa wengi hueleza kuwa walikuwa wapenda ukamilifu, wagumu kubadili mazoea, tangu utotoni kabla ya kuugua. Uzito ukirudi, hulka hizo hupungua, lakini mara nyingi haziishi.

"Shida yake ni kujiwekea viwango vya juu."

Viwango vya juu ni jambo moja, hofu ya kukosea ni jingine, na hiyo ya pili ndiyo huumiza zaidi, hasa mtu anapopima thamani yake yote kwa mafanikio yake. Hujiwekea sheria kali ya mlo. Akiivunja kidogo tu, huona siku yote imeharibika, na wengine hapo hula kupindukia. Kisha hujilaumu na kesho yake kukaza sheria zaidi. Akifaulu napo haridhiki: husema lengo lilikuwa jepesi, akalipandisha.

Kumwambia "legeza kidogo" hakusaidii; yeye husikia "kuwa mzembe". Tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili mawazo na mazoea, hutumia majaribio madogo. Mtu huandika anachokiogopa (mfano: "nikituma barua yenye kosa moja, nitadharauliwa"), huituma hivyo hivyo, kisha huandika kilichotokea kweli. Kujipima uzito nako hupunguzwa hadi mara moja kwa wiki, pamoja na mtaalamu. Aina moja ya tiba hii huchukua vikao 20 hivi. Kwa mwenye uzito mdogo mno, hufika 40.

"Huu ni ugonjwa wa wasichana wanaoongoza darasani."

Hapana. Wanaume pia huugua, na kwa wenye bulimia (ugonjwa wa kula kupindukia kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine) ni kawaida kukuta ukamilifu na papara ndani ya mtu mmoja, papara ikipanda anapozidiwa na huzuni au hasira. Wapo wasio na ukamilifu kabisa.

"Anafuata ratiba ya mlo ya tiba sawasawa, basi anapona."

Huenda ameigeuza ratiba kuwa sheria mpya: anapima kila kitu kwa gramu, au anaficha alipoteleza kwa sababu ya aibu. Daftari la mlo lisilo na dosari hata moja lifuatwe na swali la upole: "Wiki hii ni mlo upi ulikuwa mgumu?"

Anayezimia, anayeumwa kifua au anayetapika kila mara apelekwe hospitali haraka. Kutapika hushusha madini ya potasiamu mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo. Aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha naye asilishwe kwa pupa nyumbani, kwani chakula kingi cha ghafla hushusha madini ya fosfeti katika damu na kinaweza kuua.