"Mwalimu, fomula haiwezi kukosea"

Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa kijana wa kidato cha tatu: "Mwalimu, mbona nimeingiza namba kwenye fomula vizuri? Haiwezi kukosea."

Alikuwa amepata sekunde 2.0, muda wa kwenda na kurudi mara moja, kwa pendulamu (kitu kinachobembea kwenye uzi) ya mita 1. Hesabu safi. Ila swali lilisema pendulamu imevutwa hadi nyuzi 60. Sikubishana naye. Nikafunga nati kwenye uzi, nikaining'iniza mlangoni, nikampa saa. Akiivuta kidogo, kwenda na kurudi mara 10 inachukua sekunde 20. Akiivuta hadi nyuzi 60, zinapita 21. Alirudia mara tatu, akidhani kidole chake ndicho kinachochelewa kubonyeza.

Ile fomula yake, 2π√(l/g), ambapo l ni urefu wa uzi na g ni mchapuko wa uvutano wa Dunia, imepatikana kwa kukubaliana kwamba sini ya pembe na pembe yenyewe, kwa radiani (kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi), ni kitu kimoja. Kwenye nyuzi 5 huoni tofauti. Kwenye nyuzi 60, pembe ni 1.047 na sini yake ni 0.866. Hisabati haikumdanganya, ilijibu swali la pembe ndogo, yeye akalibandika kwenye pembe kubwa. Ndiyo maana nawasumbua: kabla ya kugusa kikokotoo, andika pembeni fomula hii inafanya kazi wapi. Wananuna. Wanune.

Asiyeridhika na nati amwangalie Urbain Le Verrier, mwanaastronomia wa Ufaransa. Mwaka 1846, kutokana na mwendo wa Uranus uliokataa kufuata mahesabu, alikokotoa ilipo sayari isiyojulikana. Kule Berlin, Johann Galle akaelekeza darubini, akaikuta Neptuni ndani ya nyuzi 1 ya alipoambiwa. Mwaka 1859 mtu yuleyule, kwa kufikiri kulekule, akasema kuna kitu karibu na Jua kinachousumbua mwendo wa sayari ya Utaridi. Kikapewa jina, Vulcan, kikatafutwa miaka na miaka. Hakikuwepo. Penye kasoro palikuwa kwenye nadharia ya uvutano ya Newton, na Einstein ndiye aliyelimaliza suala hilo mwaka 1915.

Wazazi nao: "Hesabu zake mbovu, aache fizikia." Mwanasayansi Michael Faraday hakuwa na hisabati ya maana, lakini mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili (waya uliozungushwa), umeme unapita. Milinganyo ilikuja kuandikwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell baadaye. Mtafutie mtoto mwalimu wa hesabu, maabara usimnyang'anye.

Na "namba za kufikirika (zile za kipeuo cha pili cha namba hasi) hazina kazi duniani"? Muulize mhandisi yeyote wa umeme wa mkondo geu. Anazo kila ukurasa, anaziandika kwa herufi j.

Kijana wa nati bado anasema saa yangu ni mbovu. Nimemwambia kesho aje na yake.