Namba ya siri kinyumenyume haiiti polisi

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: mwizi akikulazimisha kutoa pesa ATM, bonyeza namba ya siri kinyumenyume, pesa zitatoka na polisi wataitwa kimyakimya. Si kweli. Mwenye 5816 akibonyeza 6185, mashine huona namba imekosewa tu. Ukirudia mara ya tatu, kwa kawaida kadi hufungwa, na mwenye kisu atadhani unamchezea. Pima mwenyewe: mwenye 2442 au 7777 angeigeuzaje? Mkanganyiko una chanzo: wazo hilo lilibuniwa kweli Marekani miaka ya 1990, ila benki hazikulipokea. Usiusambaze, aliyekutumia mweleze kwa upole. Kinachosaidia ni kuomba benki ishushe kikomo cha kutoa kwa siku. Namba ya simu ya kufungia kadi iandike mahali pengine, si kwenye pochi: pochi ikienda, nayo imekwenda.