"Mistari ni ya kivuli tu" na dhana nyingine kuhusu chapa za Baroki

Nikiweka mezani chapa ya bamba la shaba, yaani picha iliyopigwa kwa wino kutoka bamba lililochongwa, ya karne ya 17, enzi za mtindo wa sanaa wa Ulaya uitwao Baroki, hakosi mwanafunzi wa kusema mistari ile ni ya kujazia kivuli tu. Kisha anachukua rula na kuanza kuchora pembetatu juu ya nakala, eti anachambua mpangilio. Nimechoka.

Katika nakshi ya shaba hakuna umbo linalotangulia halafu likatiwa kivuli. Mstari ndio umbo. Burini, kifaa cha chuma chenye ncha kali cha kuchongea bamba, husukumwa mbele, haivutwi kama penseli, na kwenye mikunjo mchongaji huzungusha bamba lenyewe juu ya mto wa ngozi, mkono wake ukibaki karibu palepale. Akikandamiza, mfereji huzama na kupanuka, hubeba wino mwingi na mstari hunenepa. Akilegeza, hukonda. Mwanga na giza vinatoka hapo.

Anayebisha namwekea Claude Mellan. Mwaka 1649 Mfaransa huyu alichonga uso wa Kristo kwenye kitambaa cha Veronika (ambacho mapokeo husema kilimpangusa Kristo uso) kwa mstari mmoja, unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka kama gamba la konokono hadi pembezoni. Mistari ya kukatana haipo. Macho, taji la miiba, matone ya damu, vyote ni mstari uleule ukinenepa na kukonda, na maandishi ya Kilatini kwenye chapa yanajisifia jambo hilohilo. Haya, nitenganishie hapo kivuli na mpangilio! Huwezi, kwa sababu kitovu cha picha ni pale burini ilipogusa shaba mara ya kwanza. Rula itakusaidia nini? Chukua lenzi ya kukuza mara 10, chagua mstari mmoja, ufuate mpaka uishe. Pembetatu zako zitasubiri.

Wapo pia wanaosema Baroki ni mshazari na misukosuko. Uso huo wa Mellan umekaa wima na unakutazama moja kwa moja, na watu kwenye chapa za Robert Nanteuil, mchongaji wa sura za watu, wametulia ndani ya duaradufu bila fujo yoyote.

Kwamba chapa ni nakala tu ya mchoro wa rangi? Mwulize Lucas Vorsterman, aliyechonga chapa za kazi za mchoraji Rubens huko Antwerp. Nyekundu na buluu ilibidi ziwe unene, ukaribu na mwelekeo wa mistari, na Rubens mwenyewe alisahihisha chapa za majaribio. Wawili hao waliishia kugombana. Halafu, chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo kabla ya kunihubiria kuhusu mshazari unaopanda kuelekea kulia, angalia kwanza mchoro wenyewe ulielekea wapi.

Mwisho, si kila mstari unaonenepa ni wa burini. Chapa za Maafa ya vita za Jacques Callot, za 1633, ziliundwa kwa asidi: mistari ilichorwa kwa sindano, kisha asidi ikaila shaba. Alitumia sindano yenye ncha iliyokatwa mshazari ili kuiga burini. Kwa kawaida mstari wa burini huishia kwa ncha kali na wa asidi huishia butu, lakini kwa Callot ncha hudanganya. Kagua kingo za mstari: za burini ni safi, za asidi zina mikwaruzo kidogo.