Schola haikuanza na darasa

Wengi hudhani neno la Kilatini schola lilimaanisha darasa tangu mwanzo, na kwamba ndivyo Warumi walivyoita shule ya watoto. Sivyo. Mtoto wa Kirumi aliyejifunza kusoma alikwenda ludus, neno lenye maana ya mchezo pia, na hata kambi walimofunzwa magladieta, wapiganaji wa maonyesho, iliitwa hivyohivyo.

Schola waliikopa kwa Wagiriki. Kwao skholē ilikuwa nafasi: muda wa mtu asiyebanwa na kazi (mtumwa, bila shaka, hakuwa nayo). Mwenye nafasi aliweza kukaa akajadiliana na wenzake, basi mjadala nao ukaitwa hivyo, kisha mhadhara, kisha wafuasi wa mwalimu mmoja, na mwishowe mahali penyewe.

Kwenye Kilatini maana zilizidi kutawanyika. Vitruvius, aliyeandika kuhusu ujenzi, aliita schola ile sehemu inayozunguka beseni la bafuni, ambapo watu husimama wakingoja zamu ya kuoga. Kule Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, nje ya lango liitwalo Lango la Herculaneum, kaburi la kuhani Mamia lina benchi la mawe la nusu duara. Wanaakiolojia nalo huliita schola. Vyama vya mafundi viliita hivyo kumbi zao, na katika karne ya 4 vikosi vya walinzi wa kaisari viliitwa scholae.

Na “shule” yetu? Haikutoka kwa Waingereza. Tuliipata kwa Wajerumani, Schule, nao waliitoa kwenye Kilatini. Ya Waingereza ni “skuli”, ambayo Zanzibar wanaitumia hadi leo.