Je, wajua? Waini tamu ya Maury haijatiwa sukari hata kijiko

Kwa miaka mingi niliamini waini tamu ni waini ya kawaida iliyotiwa sukari, kama chai tu, na nilikuwa nawaambia watu hivyo bila wasiwasi wowote. Sivyo. Kwa hizi waini tamu za Roussillon, kusini kabisa mwa Ufaransa, yaani Maury, Banyuls na Rivesaltes, utamu wote ni wa zabibu yenyewe. Kinachoongezwa ni kilevi! Tunachokosea wengi ni kudhani kitu kikiwa kitamu lazima kuna mtu kakitia utamu, wakati watengenezaji wa waini hizi kazi yao ni kuuzuia utamu uliopo usiishe.

Fikiria tembo la mnazi. Mgema akilishusha asubuhi ni tamu, liache mpaka jioni ulionje tena, limekuwa kali na povu limejaa shingoni mwa chupa. Ule utamu umeliwa na hamira, inakula sukari inatoa kilevi na gesi. Juisi ya zabibu nayo ni hivyohivyo, ukiiacha hamira ile mpaka ishibe unabaki na waini isiyo na utamu.

Sasa pale Maury, hamira ikiwa bado inakula, wanamwagia spiriti ya asilimia 96, kama lita 5 hadi 10 kwa kila lita 100 za juisi. Hamira inavumilia kilevi ila ina kikomo chake, ni kama mtu anayepika kwa kuni kwenye chumba kisicho na dirisha, moshi wa moto wake mwenyewe anauvumilia, lakini mletee moshi mwingine kwa ghafla uone kama hatatoka mbio na kuacha sufuria jikoni. Hicho kilichobaki kwenye sufuria ndiyo sukari yako. Njia hii jadi inampa sifa Arnaud de Villeneuve, tabibu wa Montpellier, mwaka 1285, ila ichukue kama jadi.

Ushirika wa wakulima wa Maury ulianza 1910. Zabibu yao kuu ni aina iitwayo Grenache nyeusi, inaota kwenye mawe meusi ya shisti, jua kali, mvua haba, ndiyo maana inajaa sukari. Waini nyingine wanaiweka kwenye madumu makubwa ya kioo, yanakaa nje kabisa, jua lake baridi yake, mpaka wekundu unageuka kahawia na harufu inakuwa ya kahawa, njugu na tini kavu. Hii naipenda sana.

Na ndiyo inayoshikana na chokoleti nyeusi. Kula kaimati zilizokolea shira halafu menya chungwa, chungwa lilelile tamu utaliona chachu, basi waini isiyo na utamu ikikutana na chokoleti yanaikuta hayohayo. Inatakiwa waini iwe tamu kuliko chakula au angalau zilingane. Hii ni kanuni ya mezani, ndimi hazifanani, lakini kwa chokoleti sijaona ikishindwa. Jibini la Roquefort lenye chumvi kali linakwenda nayo vizuri pia, na bata aliyepikwa na tini.

Kunywa kwa glasi ndogo, ipoe kidogo. Chupa ukiifungua usiwe na haraka ya kuimaliza, ile iliyokaa nje juani imeshazoea hewa, itakusubiri wiki kadhaa.