Hekalu Kubwa la Thanjavur: yanayosemwa na yaliyopo

Watanzania na Wakenya wengi hufika Chennai, kusini mwa India, kwa ajili ya matibabu, yao wenyewe au ya mgonjwa wanayemsindikiza, na kati ya kipimo na majibu huwapo siku tupu. Wapo wanaozitumia kwenda Thanjavur, zaidi ya kilomita 300 kusini, kuliona hekalu la Brihadisvara, ambalo Watamil, wenyeji wa huko, huliita Periya Kovil, Hekalu Kubwa. Lilikamilika mwaka 1010, enzi za Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola. Kabla hujafika utakuwa umeshajazwa maneno: ya madereva, ya video za simuni, na ya ndugu wa nyumbani wanaohofia kwamba unaingia kwenye makao ya mashetani. Mengi si kweli, na yanamfanya mtu apite katika hekalu bila kuliona.

“Kivuli cha mnara hakigusi ardhi.” Hili ndilo utakalolisikia kwanza. Kivuli kinagusa ardhi. Nenda asubuhi au jioni utakiona kimelala uani. Mnara una urefu wa zaidi ya mita 60, chini mpana na juu umesinyaa, kwa hiyo jua likiwa utosini kivuli huishia juu ya jengo lenyewe.

“Kuba la kileleni ni jiwe moja la tani 80.” Waliochunguza ujenzi wake wameona kuwa limeunganishwa kwa vipande. Wala sioni kama hilo linampunguzia fundi heshima. Thanjavur iko ukingoni mwa delta ya mto Kaveri, nchi ya mpunga na udongo, na granaiti yote hii ilibidi isafirishwe kutoka mbali, ichongwe, kisha ipandishwe hadi huko juu.

“Fahali wa jiwe alikuwa akikua, akapigiliwa msumari.” Fahali huyo, Nandi, kweli amechongwa katika jiwe moja, naye ni mkubwa kweli. Ila si wa Rajaraja. Aliwekwa karne kadhaa baadaye, wakati wa watawala wa Nayak. Hekalu hili liliongezwa na kutengenezwa na kila utawala uliopita hapo.

“Ni fahari ya mfalme mmoja.” Hapa ndipo ningependa mgeni akae muda mrefu, maana jibu limeandikwa ukutani. Kuzunguka msingi wa jengo kuna mistari na mistari ya maandishi ya Kitamil yaliyochongwa katika jiwe. Rajaraja aliamuru ichongwe orodha ya vitu alivyovitoa yeye, alivyovitoa dada yake mkubwa, Kundavai, walivyovitoa wake zake, na walivyovitoa watu wengine. Wamo wanawake 400, wacheza ngoma wa hekaluni walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kwa jina lake, mtaa wake na nyumba aliyopewa. Wamo waimbaji wa tenzi za Shiva, mungu wa Kihindu anayeabudiwa hapa. Wamo wachungaji pia: taa moja ya kuwaka daima ilitengewa kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16, na aliyekabidhiwa mifugo hiyo alitakiwa kuleta kipimo chake cha samli kila siku. Mimi maandishi hayo yalinishika kuliko mnara. Ukichukua mwongozaji, mwombe aanzie hapo. Waongozaji wengi hukimbilia hadithi ya kivuli, na watu 400 wenye majina yao wanabaki ukutani bila kutazamwa.

“Ni magofu ya watalii.” UNESCO iliorodhesha hekalu hili mwaka 1987, na idara ya mambo ya kale ya India ndiyo inayotunza jengo. Lakini ibada haijageuka maonyesho. Tarehe 5 Februari 2020 liliwekwa wakfu upya, baada ya miaka 23, na kabla ya siku hiyo watu walifika mpaka mahakamani kudai Kitamil kitumike katika ibada pamoja na Kisanskriti. Lugha zote mbili zilitumika. Magofu hayagombewi hivyo. Mara mbili katika kila mwezi mwandamo, jioni ya pradosham, saa ya ibada ya Shiva, umati hujaa uani kutazama Nandi akiogeshwa kwa maziwa.

“Wanaabudu mawe na ng'ombe.” Nandi ni kipando cha Shiva na mcha Mungu wake, amelala akielekea mlango wa bwana wake. Chumba cha ndani hakina sanamu ya mtu. Kuna linga, nguzo ya jiwe ndefu kuliko mtu, alama ya Shiva. Kwa Mhindu, jiwe ni jiwe mpaka liwekwe wakfu. Baada ya hapo mungu amekaribishwa kukaa humo, naye huhudumiwa kama mfalme aliye nyumbani kwake: huogeshwa, huvishwa, huandaliwa chakula. Watu wanakuja kumwona na kuonwa naye. Dini yangu ina msimamo wake juu ya sanamu, nami ninao. Hakuna aliyenitaka niiname. Lakini kueleza imani ya mtu kwa namna ambayo mwenyewe hawezi kuitambua ni kumdhulumu.

“Asiye Mhindu haingii.” Inategemea hekalu. Jagannath la Puri halimwingizi kabisa, Meenakshi la Madurai humruhusu uani na kumzuia asifike chumba kitakatifu, Thanjavur linampokea. Na waliofungiwa milango kwa muda mrefu zaidi walikuwa Wahindu wenyewe, wale wa matabaka ya chini kabisa walioitwa wasioguswa. Tarehe 8 Julai 1939 kundi lao liliingia Meenakshi kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo mkoa wa Madras, ambamo Madurai ilikuwamo wakati huo, ukatunga sheria ya kuwalinda waliowafungulia mahekalu.

“Basi ukiruhusiwa, unaingia tu.” Viatu huachwa nje, na sakafu ya mawe huunguza mchana, kwa hiyo nenda alfajiri au baada ya saa kumi; katikati ya siku chumba cha ibada hufungwa hata hivyo. Funika mabega na magoti. Zunguka hekalu likiwa upande wako wa kulia. Mbele ya linga simu ikae mfukoni. Ukipewa majivu meupe, yapokee kwa mkono wa kulia. Kama hutaki, unganisha viganja, inamisha kichwa kidogo, upishe wanaosubiri nyuma yako.