Programu huria si dalili ya kampuni kufilisika

Kuna ujumbe mrefu unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: eti kampuni ikiweka wazi msimbo wa programu yake (maagizo yaliyoandikwa ya kuiendesha), yaani ikiifanya huria, ama imefilisika au imetega mtego wa kuiba taarifa zako, kwani hakuna mfanyabiashara anayegawa mali bure.

Si kweli. Chukua simu yako. Kama ni ya Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute maelezo ya kisheria (majina hutofautiana kidogo). Humo utakuta orodha ndefu ajabu ya leseni za programu huria. Msimbo wa Android uliwekwa wazi mwaka 2008, na chini yake kuna Linux, kiini huria cha mfumo kilichoanza 1991. Mwenye Android, Google, hakufilisika. Watengenezaji wa simu waliichukua kwa wingi, naye akavuna kwenye matangazo na duka la programu. Wengine huuza huduma: kusakinisha mfumo, kufundisha, kuamka usiku seva ikigoma. Tena kampuni zinazotumia msimbo mmoja hugawana kazi ya kuutunza.

Kinachochanganya watu ni neno bure. Programu nyingi za bure zimefungwa kabisa, msimbo wake huuoni. Huria maana yake unaruhusiwa kuusoma msimbo, kuubadili na kuusambaza kwa masharti ya leseni. Hilo peke yake haliifanyi programu kuwa salama, ila mtego ni mgumu kuuficha pale ambapo fundi yeyote anaweza kuchungulia. Mimi ningeogopa zaidi zile APK (faili za kusakinisha programu za Android) zinazorushwa kwenye grupu.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwulize aliyeutuma kama ameshaufungua ule ukurasa wa leseni.